Ukurasa Wangu Ulisema Cherehani Ipo

Nina miaka thelathini na sita, na diplome yangu ya informatiki niliipata Lubumbashi. Niliporudi Kasongo, watu wa sokoni waliniona na kompyuta, wakanicheka. "Weye, utauza hata kibiriti na ile ordinatere yako?" Shemeji yangu alisema sitafika mwezi. Nilifika mwaka!

Huwa najisifu kwamba nilisoma kwa jasho langu... Kumbe lilikuwa jasho la dada yangu Mwamini, fundi wa kushona kule Wamaza.

Bidhaa za maduka ya Kasongo niliziweka katika orodha moja kubwa ndani ya kompyuta. Programu niliyoiandika mwenyewe iliisoma orodha hiyo na kutengeneza ukurasa kwa kila bidhaa: picha, bei, jina la duka. Wenye pikipiki walizipeleka kurasa kwenye kadi za kumbukumbu za simu hadi Wamaza na Kabambare, zikafunguka hata bila mtandao. Nani mwingine angeweza? Hakuna!

Lakini ukurasa wa namna hiyo haubadiliki mpaka uutengeneze upya na kuupeleka tena.

Shule zilikaribia kufunguliwa. Dada alikuwa amepewa kazi ya kushona sare za shule nzima, na cherehani yake ilikuwa mbovu. Akaona nyingine kwenye ukurasa wangu. Akanipigia.

"Mudogo wangu, ile mashini iko kweli? Nimepata mutu wa kununua yangu."

Ningefungua orodha, ningejua mara moja. Lakini nilikuwa nimeketi na wageni waliokuja kunisifu... Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie: "Yaya, dada yangu mkubwa, kurasa zangu hazisemi uongo!"

Cherehani ilikuwa imeuzwa siku nane nyuma. Kwenye orodha nilikuwa nimeifuta. Kutengeneza kurasa upya kwa ajili ya kitu kimoja, niliona uvivu.

Dada akauza yake. Akapanda pikipiki hadi Kasongo, akilowa mvua mwili mzima, akakuta duka halina kitu. Alikuja akasimama mlangoni kwangu, matope hadi magotini. Hakunitukana. Alisema tu, "Ulisema iko."

Sare akapewa fundi mwingine. Wateja nao wakamfuata huyo. Dada yangu akaanza kulima mashamba ya watu!

Ilinichukua miezi saba kupata cherehani mpya. Niliipeleka Wamaza mwenyewe. Aliniwekea kiti, akaniletea chakula, akasimama pembeni kama mbele ya mgeni.

"Asante, Monsieur."

Monsieur, yaani bwana! Mimi, mudogo wake!

Ndugu wasomaji, mtu akikuuliza, inuka ukatazame kwanza. Usimjibu kwa kiburi. Mimi nilijibu haraka, wageni wakacheka kwa furaha... nikampoteza aliyenisomesha.