Kigumishi cha Haraka

"Shangazi yuko mlangoni," sauti ya Mkuu ilinong'ona sikioni mwa Sindano. "Mpe uji."

Uji ulikuwa epoksi, gundi ya maji inayoganda ikichanganywa na kigumishi. Shangazi alikuwa mfanyamagendo wa silaha.

Na Sindano alikuwa jasusi, ingawa leo alivaa aproni ya muuza duka la kemikali. Chini ya kaunta, bastola ya Glock 19. Sikioni, kifaa kidogo kama punje ya mchele.

Mlango ulifunguka. Shangazi mwenyewe, Madamu kwa wanaomjua, aliingia, manukato yake kwanza, yeye baadaye.

Nyuma yake, Tausi.

Mume wa Sindano. Wa ndoa, wa cheti, wa mashahidi. Jasusi mwenzake, aliyepenyezwa kwenye karakana ya Madamu kama fundi wa mabawa ya droni. Alivaa shati jipya la bluu.

Sindano hakulijua shati lile.

"Karibu, Madamu. Karibu, kaka." Neno "kaka" lilimkwaruza koo.

"Nataka epoksi ya kuvutwa na pampu ndani ya kitambaa cha kaboni cha bawa," Madamu alisema. "Lakini kwa bei ya kibinadamu, dada yangu. Huyu fundi wangu anapenda vya ghali kama bwana harusi!"

Mkono wake ulitua begani mwa Tausi. Ukakaa. Ukapanga chumba.

Sindano aliinamisha kipande cha kioo, akadondosha matone mawili ya epoksi mbili tofauti. La kwanza lilitambaa kama mgonjwa anayetoka hospitali. La pili lilikimbia kama maji.

"Hii nzito ni ya kupaka meza. Ni rahisi, lakini itakwama katikati ya bawa, nusu ibaki kavu, utupe kitambaa chote. Hii nyepesi haina jina kubwa, ila inapenya kila uzi, na bei yake haikutoi jasho. Bado kigumishi. Cha polepole au cha haraka?"

"Cha haraka," Mkuu alisema sikioni.

Sindano alijua kwa nini. Jioni hii, nyuma ya mlango wa chuma wa karakana, mnunuzi wa kigeni angekuja kutazama bawa la mwisho la droni ya kulipua bwawa la umeme. Mlango ule hauvunjiki upesi. Lakini epoksi yenye kigumishi cha haraka, ikichanganywa yote ndani ya ndoo moja, hujichemsha yenyewe. Hutoa moshi wa kukata pumzi. Wangefungua wenyewe.

Tatizo moja. Ndoo hushikwa na fundi.

Madamu alitoa uzi kwenye kola ya Tausi. "Shati nimemchagulia mimi. Limemkaa, eti?"

Kwa kitambo kidogo, moyo wa Sindano ulisema: acha aungue.

Kisha akamtazama Madamu vizuri. Wivu anaujua mwenye nao. Na mwanamke huyu alikuwa nao wa kugawia mtaa mzima.

"Limemkaa," Sindano alisema, akimpima Tausi polepole, kola hadi kiatu. "Chukua cha haraka, bawa likauke mapema. Ila kinachanganywa kidogo kidogo, na watu wawili wanaoelewana. Nitakuja mwenyewe. Kaka atanishikia ndoo."

Tabasamu la Madamu lilikufa.

"Wewe na nani?"

"Na fundi."

"Fundi atakaa kwenye pampu, mwisho kabisa wa chumba. Ndoo ni yangu."

"Utachafuka, Madamu."

"Niuzie, dada, usinilee! Nitachanganya yote mara moja, na peke yangu."

Tausi aliinama kubeba dumu. Alikuwa anaficha kicheko.

*

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Sindano alikaa ndani ya Land Cruiser mkabala na karakana, vijana wa Mkuu wamejibanza ukutani. Kinasa sauti, alichokificha Tausi ndani ya kifungo cha shati, kilimletea sikioni kila neno la ndani.

"Fundi mpenzi, washa pampu."

Sindano aliuma meno.

"Mgeni, tazama inavyokolea... Mbona ndoo ina joto?"

"Sijui, bosi. Niko huku ulikonipanga."

"Inachemka! Inatoa moshi! Fundi!"

Huko ndani ndoo ililainika, ikajikunja. Moshi ukajaa.

"Mlango!" mnunuzi alifoka.

Chuma kilikwaruza. Mnunuzi alitoka kwanza, tai puani. Vijana wakamlaza chini. Madamu akafuata akikohoa, macho yamevimba, akasimama mbele ya mdomo wa Glock ya Sindano, aliyekwisha shuka garini.

"Muuza duka!"

"Bidhaa ikishauzwa hairudishwi."

"Wewe ni nani hasa?"

"Mke wa fundi."

Pingu zililia. Hazikumuuma Madamu kama maneno yale.

Tausi alitoka mwisho, barakoa usoni, nyuma yake bawa limebaki kavu, bila tone la epoksi, ndani ya kalibu yake. Bwawa lilikuwa salama.

"Kazi imekwisha, mke wangu."

"Bega lako lilishikwa mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Mimi nimehesabu. Vua."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Vua, baba."

Alivua. Sindano alitoa kile kifungo chenye kinasa, mali ya ofisi, akakitia mfukoni. Shati akalitupa juu ya ndoo iliyokuwa bado inafuka.

"Nitavaa nini sasa?"

"Lile la kijani," alisema, akielekea kwenye gari bila kugeuka. "Nililokununulia mimi."

Nyuma yao, kigumishi cha haraka kilikuwa kinamaliza kazi yake.