Karatasi Aliyokabidhiwa Redio

Kila Alhamisi alasiri, binti wa fundi cherehani alirudi kutoka shule, akavua sare, akatawadha, akachukua juzuu yake na kwenda madrasa na binamu yake. Madrasa ilikuwa vyumba viwili nyuma ya msikiti, vyenye mikeka na ubao mmoja uliopasuka pembeni. Wenzake walimwita Redio, kwa sababu akishahifadhi jambo hulitoa mfululizo na hakuna wa kumzima. Binamu yake, mtoto wa shangazi, walimwita Kimya. Alikuwa mdogo kwa mwaka mmoja, na aliletwa kwao miezi mitatu iliyopita, mama yake alipokwenda mji mwingine kusomea uuguzi.

Alhamisi hiyo ustadhi, ambaye asubuhi hutengeneza baiskeli na kucha zake hazikosi weusi wa grisi, aligawa kazi za siku ya wazazi. Redio angefungua kwa habari za kuanza kwa Uislamu. Kisha Kimya angeeleza nguzo tano za Uislamu na nguzo sita za imani, na kujibu maswali ya wazazi.

Roho ilimuuma Redio. Kujibu maswali ndiyo ilikuwa kazi ya heshima, na mwaka uliopita ilikuwa yake. Huyu aliyekuja juzi tu, anayelala kwenye kitanda chake na kuvaa kandambili zake, sasa anachukua na hiki! Alipouliza sababu, ustadhi alimjibu kwamba yeye huhifadhi upesi, lakini mwenzake huuliza mpaka aelewe. Njia nzima ya kurudi nyumbani, Kimya alipomsemesha alijitia hasikii.

Jumamosi, baba akiwa kwenye cherehani, Kimya alimletea karatasi.

"Nikagulie, dada. Wewe unayajua haya bila kuangalia popote. Mama anakuja kesho, sitaki kumwaibisha."

Redio alisoma. Mwandiko ulikuwa safi, lakini katika kunakili kwa haraka Kimya alibadilisha vichwa vya habari. Chini ya nguzo za Uislamu aliandika kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika, vitabu, mitume, siku ya mwisho na kadari. Chini ya nguzo za imani aliweka shahada, sala, zaka, funga ya Ramadhani na hija. Hata watoto wa darasa la chini wangecheka. Redio aliliona kosa papo hapo. Akakisikia na kicheko chenyewe masikioni, na utamu fulani ukampita moyoni.

"Iko sawa," alisema. "Usibadilishe kitu."

"Kweli, dada?"

"Kwani mimi nani?"

Kimya alishusha pumzi, akashukuru, akaikunja karatasi mara nne.

Jumapili wazazi walijaa mikekani. Shangazi alikaa mstari wa mbele, mkoba wa safari bado uko mapajani. Redio alisimama. Alieleza watu wa Makka walivyoabudu masanamu; Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alivyokuwa akijitenga katika pango la Hira; malaika Jibrili alivyomjia Mtume akiwa na umri wa miaka arobaini, akamwamrisha asome; na mkewe Khadija alivyomtuliza na kumwamini. Maneno yalitiririka.

"Kabla ya hayo yote," aliendelea, "watu walimwita Al-Amin, yaani mwaminifu. Hata waliompinga waliendelea kuweka amana zao kwake. Alipohamia Madina, alimwacha Ali nyuma ili azirudishe kwa wenyewe."

Alikwisha kuyasema hayo mara nyingi. Siku hiyo ndiyo aliyasikia. Aligeuka akamwona Kimya tayari amesimama, karatasi mkononi, wala hakujishughulisha kuifungua tena. Shangazi alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Redio alinyamaza. Nyuma mtu alinong'ona kwamba leo redio imeishiwa betri.

"Ustadhi," alisema, "karatasi ya binamu yangu ina kosa. Aliniletea niikague, nikaliona, nikamwambia iko sawa. Nilimwonea wivu."

Baba yake aliinamisha kichwa. Kimya aliifungua karatasi, akaisoma, akaliona kosa. Kisha akaiweka chini, akaeleza bila hiyo. Alisema zile sita ni mambo ambayo mtu huyashika moyoni, na zile tano ni anayoyatenda kwa mwili na mali yake. Mzee mmoja alimuuliza, mbona shahada ni maneno lakini imehesabiwa kwenye matendo. Kimya akajibu kwamba ulimi nao ni kiungo cha mwili, na anayetamka mbele ya watu amejifunga.

Watu walipotawanyika, ustadhi aliwaita wote wawili pamoja na shangazi.

"Mwenzako hakukupa karatasi tu," alimwambia Redio. "Alikupa heshima yake umtunzie. Hiyo ni amana, sawa na mali. Wivu unakuja, mwanangu. Hata mimi hunipata nikiona mteja wangu kwa fundi mwingine. Kosa ni kuupa kazi ya kufanya. Leo umeirudisha amana ya watu. Umechelewa, lakini umeirudisha mwenyewe, na kwa uchungu. Kuhifadhi habari za mwaminifu ni mwanzo. Kuwa mwaminifu ndiyo dini."

Redio alimwomba radhi shangazi yake, kisha akamgeukia Kimya. Walipokuwa mlangoni wakivaa viatu ndipo Kimya aliposema:

"Mwakani maswali ujibu wewe. Karatasi yako nitaikagua mimi."

"Ukiona kosa utaniambia?"

"Nitakwambia," alisema Kimya. "Lakini nitachelewa kidogo, kama wewe."