Zifute Zote

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, wapelelezi wa Tume ya Ushindani waliingia ghorofa ya nne, ofisi za kampuni moja ya mtandao, wakiwa na hati ya mahakama. Wakakuta kompyuta kumi na mbili zimewashwa na ndani hamna kitu. Jumbe zote za idara ya utafutaji, za miaka miwili, zimefutwa. Mpelelezi mkuu alishika kiuno. "Haya, makubwa!" akasema. Wenzake walimwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha Kiswahili miaka tisa kabla ya kazi hii, na mpaka leo alisahihisha ripoti zao kwa kalamu nyekundu.

Kampuni hiyo ndiyo iliyoshika utafutaji wote wa kwenye simu. Uandike neno lolote, yenyewe ndiyo inaamua uone nini. Sasa palikuwa na mwanamke mwenye programu ya kutafutia mafundi bomba na umeme, iliyopendwa kweli. Kampuni ilipoanzisha ya kwake, ile ya mwanamke ikasukumwa mpaka ukurasa wa tisa. Kampuni ikasema watu wameichoka, basi. Saa nane mchana Tume ingesikiliza shauri lake, na bila ushahidi kwamba ilishushwa makusudi, lingetupwa. Mwanamke mwenyewe alikuwa mapokezi, mkoba mapajani. Wafanyakazi wake saba walisubiri simu yake. Wa nane, mdogo wake wa tumbo moja, mwanamke alimfukuza programu iliposhuka, akidai ndiye aliyeiharibu.

Mtambo ulionyesha kuwa jumbe zilifutwa saa moja na dakika hamsini, kwa nywila ya fundi wa kompyuta. Fundi akaitwa. Akaja shavu limevimba.

"Saa hiyo ulikuwa wapi?"

"Kwa daktari wa meno, mzee. Tangu saa moja nimepanua mdomo. Ningefuta nini?"

Alikuwa na cheti cha daktari. Nywila yake je? Ameibandika chini ya kibodi, na ofisi nzima inajua. Mwalimu akakuna kichwa.

Mara mama wa usafi akaja mwenyewe, simu mkononi. Palikuwa na ujumbe kutoka kwa meneja wa utafutaji, wa saa moja na nusu: *Zifute zote kabla hawajafika.*

"Ukafanyaje, mama?"

"Nikafuta meza, baba. Zote. Nikamjibu."

Jibu lilikuwa la saa moja na dakika arobaini: *Tayari bosi, zote zinang'aa.*

"Huwa anakuandikia?"

"Thubutu! Hata salamu yangu haitikii."

Mwanasheria wa Tume alinong'ona kwamba huyu mama ana funguo za vyumba vyote, asiachwe hivi hivi. Fundi hakuwepo, mama kafuta meza, na jumbe hazipo. Nani basi? Akamwita meneja.

Meneja aliingia na tabasamu pana.

"Ulimwambia mama wa usafi afute nini?"

"Madirisha, mzee. Tulitarajia wageni wa bodi."

"Rudia, niandike vizuri."

"Madirisha. Nilimwambia ayafute yote."

"Ayafute."

"Ndiyo, ayafute."

Mwalimu akaweka kalamu nyekundu mezani. "Mdomo wako unasema yafute yote. Simu yako inasema zifute zote."

"Haraka tu. Nilikosea herufi."

"Mara mbili? *Zifute*, na *zote*? Madirisha ungeyafuta, viti ungevifuta. Ulitaka zifutwe meza, au jumbe."

"Basi meza!"

"Ulishasema madirisha, mwanasheria amesikia. Na hebu yatazame yalivyojaa vumbi. Lete simu, hati inaruhusu."

Kwenye orodha ya simu ya meneja, majina mawili yalifuatana: Usafi, na chini yake Usafi wa Mitambo. La pili lilikuwa la fundi wa kompyuta.

Meneja akanywea. "Niliposoma 'zinang'aa' ndipo nikajua nimekosea mtu. Fundi hakupokea simu. Nikafuta mwenyewe."

"Ulijuaje tunakuja?"

"Dereva wenu alipiga simu saa moja na robo, kuuliza mtaegesha wapi."

Mwalimu alifumba macho. Alitamani kumrarua dereva yule.

"Jumbe zilisema nini?"

"Nimeziandika mimi. Nilisema programu ya yule mwanamke ni nzuri kuliko yetu, na ikionekana hatumshindi. Nikawaambia waishushe mpaka isahaulike. Bosi wangu alinipa mwaka mmoja niongoze soko, la sivyo nifungashe."

Akaweka sahihi kwenye maelezo yake saa saba kasorobo. Mwalimu alishuka mapokezi na karatasi, akamsomea mwanamke.

"Soma tena hapo," mwanamke akasema.

"Wapi?"

"Hapo pa nzuri."

Akamsomea tena. Mwanamke hakufurahi. Alikuwa akihesabu kwa vidole.

"Miezi kumi na moja," akasema. "Mdogo wangu alikuwa ananiapia kwamba hakuharibu kitu. Nikamwita muongo mbele ya mama yetu."

Wale saba walikuwa bado wanasubiri. Alitoa simu mkobani, akatafuta jina ambalo hakuwa amelipigia tangu siku ile.

"Usikate," alisema ilipopokelewa. "Tafadhali, mdogo wangu, usikate."