Koki ya Saa Kumi na Mbili

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, Babu, mwangalizi wa jengo la ghorofa, alishuka uani na spana yake na kufunga koki ya ghorofa za chini. Aliifungua tena saa mbili kamili. Maji ya mji yalianza kutoka saa kumi na mbili na kukatika saa nne, kwa hiyo wapangaji wa chini walijaza ndoo zao harakaharaka. Watoto waliotakiwa kuwa shuleni saa moja waliogea maji ya jana, na yakiwa yameisha, walinawa uso kwa kikombe wakaondoka.

Mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa mmoja wao. Jengo zima lilimwita Wakili. Mama yake alisema angeweza kuishtaki hata chai kwa kosa la kuwa moto.

Wiki moja mwalimu wa uraia aliwafundisha mawazo ya siasa yanatoka wapi. "Mhafidhina huanza na kilichopo," alisema. "Kama kimedumu, huenda kina kazi yake. Mpenda mageuzi huanza na anayeumia. Kama utaratibu unamuumiza mtu, anataka ubadilishwe." Kisha akawaagiza wachunguze utaratibu mmoja wa nyumbani kwa macho hayo mawili.

Wakili hakuhitaji kutafuta mbali.

"Babu, kwa nini unafunga koki asubuhi?"

"Hufungwa."

"Najua hufungwa. Kwa nini?"

"Aliyenitangulia kazi hii alikuwa akiifunga, nami naifunga. Mbona unanihoji kama nimeiba kuku?"

"Basi wewe ni mhafidhina," alisema Wakili, akaandika daftarini. Babu aliuliza kama ugonjwa huo una dawa.

Jumamosi wapangaji walifanya kikao uani. Mwenyekiti alikuwa kinyozi wa ghorofa ya chini, mtu asiyependa vikao virefu. Wakili aliomba nafasi ya kusema, akapewa. Alisema watoto wanakwenda shule bila kuoga huku maji yakipita kwenye bomba, na kwamba mwenye kuifunga koki mwenyewe hajui kwa nini anaifunga. Watu walicheka, wakapiga makofi. Babu alitazama spana yake. Mikono ilipohesabiwa, hakuna aliyepinga. Tangu siku hiyo koki ingebaki wazi.

Siku tatu zilikuwa tamu. Watoto walioga mpaka wakachelewa shule kwa sababu ya kuoga. Siku ya nne, mama yake Wakili alimtuma apeleke shuka zilizoshonwa kwa mkunga mstaafu, aliyeishi peke yake ghorofa ya juu kabisa. Mkunga alikuwa na magoti mabovu, na ngazi za jengo zilikuwa sitini.

Wakili alimkuta akifuta mikono kwa kitambaa alichokilowesha kwa maji ya kunywa. Pipa lake lilikuwa tupu mpaka chini, na vyombo vya juzi vilikuwa bado kwenye beseni.

"Bibi, mbona hivi?"

"Maji hayajapanda tangu Jumamosi. Nilikuwa nikitumia akiba. Leo imeisha."

"Kwa nini hukusema kwenye kikao?"

"Kikao kipi, mwanangu? Kile cha uani? Mimi nikishuka huko, kupanda tena nibebwe. Na huku juu tuko wawili tu; jirani yangu dereva yuko safarini."

Kisha akamweleza. Maji ya asubuhi yalikuja kwa nguvu ndogo. Mabomba ya chini yakiwa wazi, maji hayakufika juu. Zamani wapangaji wa chini walikuwa wafanyakazi wa kiwandani, zamu ya usiku, na walirudi saa mbili. Ndiyo maana koki ilifungwa saa ambazo chini hapakuwa na mtu.

"Kiwanda kilifungwa kabla hujazaliwa," alisema Mkunga. "Saa zikabaki."

Wakili aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Hakubishana. Alishuka, akapandisha ndoo moja, kisha nyingine, na nyingine tena, na pipa bado halijafika nusu. Jioni ile alimwambia Babu yote.

"Kumbe!" alisema Babu. "Mimi nilirithi spana, sikurithi maelezo."

Kesho yake kinyozi aliitisha kikao kingine, na Wakili akaomba kifanyike ghorofa ya juu, mlangoni kwa Mkunga. Watu walipanda wakihema na kulalamika. Wakili alisimama, sauti ikiwa ndogo kuliko ya Jumamosi.

"Nilikosea," alisema. "Nilisema koki haina kazi kabla ya kumuuliza anayeijua. Bibi amekosa maji kwa sababu yangu."

"Turudishe ya zamani basi!" alisema mmoja.

"Na wanangu waende shule wakinuka?" alijibu mwingine kwa hasira.

"Tusirudishe yote," alisema Wakili. "Kufunga kuna sababu. Saa ndizo hazina. Chini tuchote saa kumi na mbili mpaka saa moja. Kisha Babu afunge mpaka saa tatu, maji yapande."

Wote walimtazama Mkunga.

"Pipa langu linataka muda wa saa mbili," alisema. "Halijali ni saa mbili zipi."

Mikono ilinyooshwa, wa Babu ukiwa wa kwanza. Watu walipoanza kushuka, Mkunga aliwazuia Wakili na babu yake.

"Mmoja wenu alishika utaratibu bila kujua sababu yake," alisema. "Mwingine akauvunja bila kujua sababu yake. Kosa ni lile lile. Kuhifadhi ni kuzuri na kubadilisha ni kuzuri, lakini kwanza ulizeni jambo liliwekwa kwa ajili ya nani, na linamuumiza nani leo. Na mkiuliza, msiishie kwa waliofika kikaoni. Pandeni ngazi."