Spana Iliyorudishwa Sifuri

Niliwaapia wateja wa Mathilde, mgahawani kwake Molenbeek, na wewe nakuapia vilevile: kisa hiki ni kweli tupu. Nife hapa kama nimeongeza hata koma.

Maiti ya Lucienne, mkaguzi wa vipuri, ilikutwa saa ya chakula cha mchana chini ya bawa la ndege, kichwa kimepasuliwa. Mvua ilipiga bati la kiwanda, kule Anderlecht, wanakounda vipuri vya ndege za kivita upande mmoja na za abiria upande wa pili.

Kadi za mlangoni zilionyesha walioingia na marehemu ni wawili tu: fundi mkuu Pieter, na Bienfait, msukuma toroli. Mwenye damu shatini alikuwa Bienfait. Akatiwa pingu.

"Nilimuinua tu, maman," alilia. "Nilikuwa nawaza bado anapumua. Niko na batoto tatu!"

"Subiri," alisema Inspekta Kasoki, mama mpelelezi, akiwazuia askari.

Ripoti ya daktari: chuma kizito, pigo moja. Kasoki akasimama mbele ya ubao wa spana. Kila spana ilikuwa na mchoro wake ukutani, na hakuna iliyopungua. Mtu wa maabara akazipulizia dawa ya kufichua damu. Moja ikang'aa: spana ndefu ya kupimia mkazo wa bolti.

"Bienfait, ukimaliza na hii unafanya nini?"

"Mimi? Siigusaka. Bon, kama ni mimi, naitundika kwa musumari, basi."

"Na wewe, Monsieur Pieter?"

"Kwanza unarudisha kipimo chake sifuri, la sivyo springi ya ndani inachoka. Kila fundi anajua."

"Hii iko sifuri."

Pieter akaficha mkono wa kulia mfukoni.

"Umeua mtu, ukaionea huruma springi."

"Miaka thelathini ya kazi," alinong'ona Pieter. "Mkono ulijifanyia wenyewe."

Akaketi juu ya kreti, akatapika yote. Aliangusha mguu wa magurudumu ya ndege, ukapata ufa. Upande wa jeshi waliukataa. Yeye akaupigia muhuri, akaupeleka upande wa abiria. Lucienne akauona ule ufa. Pingu zikahama mikono.

Pale mgahawani wateja wakapiga makofi. Mathilde hakupiga.

"Papa Hilaire, Bienfait ni kaka yangu. Kule kwa kiwanda hakuna muntu alikufa. Mguu wa ndege ulianguka, bakasema ni yeye, bakamufukuza. Wewe ulikuwa kwa stoo ya spana. Nani aliangusha?"

Nikaitazama glasi yangu.

"Pieter."

"Uliona?"

"Kwa macho yangu."

"Na miaka mbili unakunywa hapa kwangu, unatuchekesha! Juu ya nini ulinyamaza?"

"Nilikuwa nimebakiza miezi miwili nistaafu."

Mathilde akavua aproni.

"Alors, vaa koti. Avocat wa Bienfait iko Koekelberg, bado hajafunga. Na kule, papa, usitie chumvi."

Kwa wakili nilimaliza ushahidi wangu kwa dakika nne, nikatia sahihi. Pieter, niliyemtaja humo, ndiye aliyesimamia ndoa yangu.