Chéri Sukari wa Avenue Yote

Kila asubuhi Kabedi anapanga samaki mbele ya nyumba yake, kando ya barabara, yaani avenue, kule Kasulo, mtaa wa mashimo ya madini. Ni samaki wa ziwa la Nzilo, wabichi, wenye tumbo nene. Akimaliza kuwapanga anawapiga picha na simu yake, halafu anawatumia wateja. Anawaambia, "Leo iko mikubwa! Kuyeni mbio!" Na wateja wanakuja mbio kweli. Kabedi ni mwanamke wa kazi, na ulimi wake hauna breki.

Simu ile alinunuliwa na bwana yake, Kalombo, fundi wa malori. Siku hiyo Kalombo alinunua simu mbili, yake na ya bibi yake. Alizinunua kwa Gael, kijana anayeuza simu pale kona. Gael ni kijana mwema, lakini kazi ndefu inamchosha kabla hajaianza. Simu za siku hizi zinaomba compte, yaani jina na neno la siri la mwenye simu. Kumfungulia kila mteja compte yake ni kazi ndefu. Basi Gael alifanya nini? Katika kila simu aliyouza, aliweka compte yake yeye mwenyewe.

"Usihangaike, tata," alimwambia Kalombo, kama mtu anayemwita baba yake. "Nimeisha kukuwekea kila kitu. Weye ni kupiga tu."

"Aksanti, mwana," Kalombo alijibu. Hakuuliza neno lingine.

Siku moja Kabedi alitafuta namba ya mvuvi mmoja. Kalombo alikuwa anaoga, simu yake iko juu ya kiti. Kabedi akaishika, akashuka na majina mpaka kwenye C. Palikuwa pameandikwa: Chéri Sukari.

Alisoma tena. Mpenzi, tena sukari! Yeye, tangu aolewe, hajaitwa hata chumvi!

"Potea!" akasema, akaifuta namba ile. Halafu akarudisha simu juu ya kiti, akanyamaza. Na Kabedi akinyamaza, jua kuna hatari.

Jioni Kalombo aliletewa bukari, ugali wa mahindi. Bukari tu.

"Mama, na mboga?"

"Mboga iko kwa sukari yako."

"Sukari gani?"

"Kula!"

Kalombo alikula kavu. Maskini, hakujua kosa lake ni nini. Kabedi aliingia chumbani akaanza kukunja nguo zake na za watoto. Aliamua kurudi kwa wazazi wake, ndoa imekwisha. Alikunja huku analia, kwa sababu alimpenda Kalombo, na hiyo ndiyo ilimuuma zaidi.

Kesho yake, wakati Kabedi anamaliza kuuza samaki wa mwisho ili aende, Mama Simone akafika. Mama Simone ni jirani, mwimbaji wa kwaya, mwanamke mwenye mwili na sauti. Alishika simu yake, macho yamejaa machozi.

"Kabedi we, niko na matatizo! Namba imepotea mu simu. Jana ilikuwa, leo haiko!"

"Namba ya nani?"

"Ya chéri wangu. Nilimuandikaka Chéri Sukari."

Kabedi alisimama. Kumbe ni huyu! Kumbe yeye na Kalombo wanaitana jina moja! Hasira haina akili. Kabedi alishika samaki mmoja kwa mkia.

"Basi ni weye mwenye kula bwana yangu!"

"Mi? Bwana yako? Ule wa kunuka mafuta ya lori?"

Paa! Samaki akatua begani kwa Mama Simone. Mama Simone naye hakuchelewa, alichukua wake mezani. Paa! Watu wakajaa. Nani Kasulo atapita bila kutazama kitu cha bure?

Mwenye kuwatenganisha alikuwa Tatiana, jirani mwingine, mwalimu wa kompyuta shuleni.

"Muache samaki!" alipiga kelele. "Samaki haikufanya kitu! Ni nini?"

Kalombo naye alikuja mbio kutoka garaji, mikono myeusi ya mafuta.

"Muulize huyu," Kabedi alisema. "Aseme Chéri Sukari ni nani mu simu yake!"

"Mi sijue!" Kalombo alisema. "Mu ile simu muko majina mingi ya batu sibajue. Hata picha! Kila siku napata picha ya samaki. Nikasema, bibi yangu ananipenda sana."

"Mi pia napataka ile samaki," Mama Simone akasema. "Nikafikiri ni publicité, tangazo ya biashara."

Tatiana akakunja uso. "Simu yenu mulinunua wapi?"

"Kwa Gael," akasema Kalombo.

"Kwa Gael," akasema Mama Simone.

"Na sisi pia!" wakasema watu nyuma.

"Kabedi, leta simu yako. Yako, hapana ya bwana."

Tatiana akafungua mahali simu inapoweka majina yaliyofutwa. Jina lilikuwa pale, ndani ya simu ya Kabedi mwenyewe: Chéri Sukari.

"Aaa!" Kalombo akaruka. "Kumbe na weye uko na chéri!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Tatiana alibonyeza, jina likarudi. Mama Simone akatazama simu yake: na kwake lilikuwa limerudi! Akaipiga namba ile haraka. Sauti nzito ikajibu:

"Allô, bibi? Makelele ya nini kule?"

Wote waliijua sauti ile. Ni Tata Ngeleka, bwana ya Mama Simone, aliyekuwa kazini mbali, kwenye mji wa Kisenge. Ni mzee wa kanisa, na uso wake watoto wanaukimbia.

"Ule njo Sukari?" mtu mmoja akauliza polepole.

"Ni yangu!" Mama Simone akajibu. "Inakuhusu?"

Kabedi alitamani ardhi ya Kasulo, iliyozoea kumeza wachimba madini, ifunguke tena, imeze na yeye.

Tatiana akaeleza. "Musikilize. Compte ni nyumba ya ndani ya simu. Majina na picha binalala mule. Gael alibaingiza bote mu nyumba yake. Mumoja akiweka picha, bote banaiona. Mumoja akifuta jina, inafutika kwa bote. Na mwenye ufungulo ni Gael."

Gael aliitwa. Alikuja anajikuna kichwa.

"Nilitaka kusaidia," alisema. "Na mi pia nateseka! Simu yangu inasema imejaa kila siku. Mi sijaoa, lakini niko na picha ya batoto ya avenue yote, na samaki yote ya Nzilo!"

"Kumbe ni kama parcelle, kiwanja ya nyumba," Kalombo akasema. "Juu ni yangu, chini, kwenye madini, ni ya État, ya serikali."

"Mu simu, na chini inaweza kuwa yako," Tatiana akajibu. "Fungua compte ya jina yako. Weka neno la siri, na usimwambie mutu: hapana muuzaji, hapana rafiki, hapana bibi. Lakini mbele ya kutoka kwa Gael, hamisha kwanza majina na picha yako."

Jumapili, baada ya kanisa, watu wa avenue walileta viti kwa Tatiana. Kila mmoja alichagua vyake, akafungua compte yake, akaitoa ile ya Gael. Wauza samaki walifungua na kundi lao la simu. Walichagua wakubwa watatu wa kulisimamia, ili mmoja akikasirika asiondoke na kundi lote.

Kabedi aliomba msamaha kwa Mama Simone. Halafu akamgeukia bwana yake.

"Nisamehe, tata. Nilikuhukumu bila kukuuliza."

"Nilikula bukari kavu, mama. Kavu!"

Siku ile alipikiwa sombe, majani ya muhogo, na kuku, na nguo zikarudi kabatini.

Wakati wa mvua, simu ya Kalombo ilianguka ndani ya pipa la mafuta machafu. Ikafa pale pale. Alikwenda na Kabedi kununua nyingine.

"Tata, ingiza compte yako," Gael alisema. "Mi nageuza macho."

Kalombo aliandika. Simu ikakataa. Akaandika tena, ikakataa. Jasho likamtoka.

"Mama," alimwambia bibi yake sikioni, "tulioana tarehe ngapi?"

"Juu ya nini?"

"Njo neno yangu ya siri. Niliweka jina yako na siku ya ndoa. Jina nakumbuka."

Kabedi alitaka kukasirika, akashindwa. Moyo wake ulikuwa umejaa furaha. Alimwambia tarehe sikioni, na simu ikafunguka. Majina yote yakarudi, na picha za watoto zote.

Tatiana aliposikia, alishika kichwa. "Tata Kalombo, badilisha leo! Jina ya bibi na tarehe ya ndoa, mwizi atajaribu ile kwanza."

Kalombo alibadilisha siku ile ile. Kabedi alikuwa bado anacheka.

"Mwizi atajua wapi," alisema, "na bwana mwenyewe hakujua?"