Udi Ndani ya Lori

"Huyo mwanamke wa Salgaa anaitwa nani?" Safiyo aliuliza.

Darweshi aliweka kikombe chini. Walikuwa sebuleni kwa akina Safiyo, Bondeni, Nakuru. Harusi yao ilikuwa imepangwa baada ya Idi ya mwaka huo wa 2007.

Darweshi alikuwa dereva wa lori. Kila aliporudi kutoka mpakani Malaba, alinukia udi toka kofia hadi soksi. Kwa desturi ya kwao, mke ndiye humfukizia mumewe nguo. Nani alimfukizia Darweshi huko Salgaa, kwenye malazi ya madereva?

"Hakuna mwanamke." Sauti yake ilikwaruza, kama ilivyokuwa kwa miezi kadhaa.

"Udi umejifukiza?"

"Nafukiza mwenyewe. Ndani ya lori."

"Darweshi, tafuta uongo wenye akili kidogo."

Hapo akamweleza yote. Alikuwa akivuta bangi tangu alipoanza kazi ya lori. Bila msokoto hakupata usingizi safarini. Udi ulikuwa wa kuficha harufu. Sasa daktari alikuwa amekata kipande kidogo cha nyama kooni akakipeleka kupimwa. Alipomuuliza kama anavuta chochote, Darweshi alikana.

"Ulimdanganya daktari?"

"Baba yako ndiye aliyenipeleka. Alikuwa ameketi kando yangu."

"Ungemtuma akanunue maji."

Darweshi alitaka kucheka, akashindwa. "Naogopa, Safiyo. Kama ni saratani, usiolewe nami kwa huruma."

Safiyo aliondoa vikombe, akaenda jikoni. Jioni simu ya Darweshi ililia. Ujumbe ulisema: "Kesho saa tatu kwa daktari. Baba anabaki nyumbani. Usijifukize."

Asubuhi Darweshi alisema ukweli, macho yakiwa sakafuni. Daktari hakumkemea.

"Majibu yamefika. Si saratani," alisema. "Lakini chembe hai za koo zimeanza kubadilika."

"Ni bangi?" Safiyo aliuliza.

"Siwezi kuapa. Utafiti kuhusu bangi na saratani bado haujakubaliana. Wengi huichanganya na sigara, na wengi huficha kama huyu. Ninachojua ni kwamba moshi wake una sumu nyingi zilizomo kwenye moshi wa tumbaku, na mvutaji huubana kifuani. Aache, tumkague tena."

"Na udi?"

"Koo hilo lipumzike kutokana na kila moshi."

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Darweshi alikesha, akatokwa jasho, akawa mkali. Usingizi ulipomkataa alimpigia Safiyo, wakazungumza mpaka sauti yake ikakauka.

Siku ya harusi, shangazi yake Darweshi aliingia na chetezo, moshi ukifuka. Safiyo alikipokea kwa adabu, akakitoa nje barazani.

"Bwana harusi bila udi?" Shangazi alishangaa. "Watu watasema nini?"

"Mnyunyizie marashi, Shangazi. Huyu akirudi safari, nataka kunusa jasho lake. Nikinusa kingine, nitajua."

Darweshi aliinamisha kichwa, akanyunyiziwa.